Msomi, benki na gunia la korosho

Kila mwaka vyuo vyetu vikuu vinapomaliza mahafali, majoho yakisharudishwa na picha zikishatundikwa ukutani, huanza kazi nyingine ambayo haimo katika mtaala wowote, nayo ni kazi ya kutafuta kazi. Mzazi ambaye ni mwalimu au mtumishi wa Serikali anaifahamu kazi hiyo kwa undani. Yeye ndiye anayelipa nauli ya kijana kwenda Dar es Salaam na kurudi, ndiye anayeulizwa na majirani kama mtoto "amekwisha kupata", na ndiye anayeamka usiku wa manane akijiuliza anamjua nani katika ofisi gani. Leo ningependa kuzungumzia mlango mmoja tu kati ya ile ambayo vijana wetu wanaipigia hodi, mlango unaotamaniwa sana na kueleweka kidogo mno. Mlango huo ni wa benki, na hasa kile kitengo chake kinachohudumia makampuni.

Nimeuchagua mlango huo kwa sababu mbili. Kwanza, mimi mwenyewe niliwahi kuupigia hodi nikarudishwa. Pili, mtoto wa dada yangu yuko nyumbani kwangu kwa miezi minne sasa, naye alikuwa akijitayarisha kuingia mlango huo huo kwa makosa yale yale niliyoyafanya mimi.

Nilipomaliza Chuo Kikuu nilikuwa na shahada nzuri ya uchumi na imani kubwa sana juu ya shahada hiyo. Benki moja ikaniita kwenye usaili. Nilijitayarisha juma zima. Yaani niliazima suti, nikakariri mwaka ambao benki ilianzishwa, na nikayasoma mara kumi majibu ya maswali 20 niliyopewa na rafiki aliyeyapata kwa rafiki yake. Mle ndani walikuwamo watu watatu. Wawili waliniuliza habari za masomo yangu, nikajibu bila shida. Kisha mama mmoja aliyekaa kando, ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno, akaniambia: "Mteja wetu ana kiwanda. Mwaka huu mauzo yake yameongezeka maradufu na hesabu zake zinaonyesha faida. Asubuhi ya leo amekuja kutuambia kwamba hana fedha za kulipa mishahara. Imekuwaje?"

Nilijibu papo hapo kwamba bila shaka mkurugenzi ameiba. Wale wawili wakacheka. Mama hakucheka. Akaniuliza kwa upole, "Na kama hakuiba?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kueleza nadharia ya soko, nikachanganya na matatizo ya nchi zinazoendelea, nikamalizia kwa kusifu uongozi bora. Baada ya mwezi mmoja nikapata barua ya kunishukuru. Nalisema hili bila kinyongo, kwa sababu swali lile lilikuwa la haki kabisa, na aliyestahili lawama ni mimi niliyekaa miaka mitatu nikijifunza uchumi bila kujiuliza fedha za kiwanda hukaa wapi kati ya siku sabuni inapotengenezwa na siku inapolipiwa.

Kwa hiyo tulitazame swali hilo, maana ndani yake umo karibu usaili mzima. Tuchukue kiwanda cha kubuni cha sabuni kinachouza bidhaa za shilingi milioni 100 kwa mwezi. Malighafi ya mwezi mmoja inakigharimu milioni 60, na kwa kuwa malighafi inatoka mbali, hapana budi ghalani iwepo ya miezi miwili, yaani milioni 120. Wateja wake ni wenye maduka ya jumla, nao hulipa baada ya miezi mitatu. Basi wakati wowote ule milioni 300 zimo mikononi mwa watu. Wale wanaokiuzia malighafi wanakisubiri mwezi mmoja tu, yaani milioni 60. Ukijumlisha 120 na 300, ukatoa 60, unapata milioni 360 ambazo sharti ziwe zimelala ndani ya biashara ili iweze kwenda. Sasa mauzo yakiongezeka maradufu na mengine yakabaki vile vile, kiwanda kitahitaji milioni 720. Zile milioni 360 za nyongeza zitatoka wapi? Hata kama faida yake ni sehemu moja ya kumi ya mauzo, mwaka mzima wa mauzo hayo makubwa utampa mwenye kiwanda milioni 240 tu, tena kwenye karatasi. Hivyo basi mtu anaweza kufanikiwa hadi akafilisika. Mkurugenzi hakuiba hata senti. Aliuza sana kwa mkopo bila kutafuta mtaji wa kuendeshea. Na hapo ndipo benki inapoingia.

Wengi wetu tukisikia neno benki humwona karani nyuma ya kioo akihesabu noti. Katika kitengo cha makampuni hakuna anayehesabu noti. Humo hukaa maofisa ambao kila mmoja amekabidhiwa wateja wake: mwagizaji wa mafuta, kiwanda cha saruji, mkandarasi wa barabara, kampuni ya kununua mazao. Afisa huyo hupokea ombi la mkopo, hulichambua pamoja na wenzake wanaosoma hesabu, huliandikia taarifa na kulitetea mbele ya kamati ya mikopo. Na mkopo ukishatoka huufuatilia hadi shilingi ya mwisho irudi. Aidha kuna kazi ambayo haihitaji fedha kutoka siku hiyo, bali ahadi. Benki humwahidi mwenye kiwanda aliyeko China kwamba hati za shehena zikifika zikiwa sahihi atalipwa, hata kama hamjui kabisa mnunuzi wa Kariakoo. Benki humdhamini mkandarasi mbele ya Wizara kwamba akichukua malipo ya awali na kuitelekeza barabara, benki itayarudisha malipo hayo. Mtumishi wa Serikali aliyewahi kushughulikia zabuni amekwisha kuziona karatasi hizo, na pengine amezifungia kabatini bila kumweleza mwanawe zinafanya kazi gani.

Ni jambo la kusikitisha kwamba kijana anaweza kuomba kazi katika kitengo hicho bila kujua lolote kati ya hayo. Lakini tusiwalaumu vijana peke yao. Sisi wakubwa, na hasa waliotutangulia, tuliyapokea mawazo yetu kuhusu ajira kutoka wakati mwingine. Katika miaka ya 1970 mhitimu wa Chuo Kikuu hakuhangaika na usaili wa namna hii. Nchi ilikuwa na wasomi wachache na nafasi nyingi, Serikali ilikuwa na mpango wa kuwagawa wataalamu, na kijana alipokea barua ya kumpeleka wizarani au kwenye shirika la umma. Azimio la Arusha lilitolewa tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata benki zikataifishwa. Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa, na Watanzania vijana wakakabidhiwa madaraka ambayo kabla ya hapo waliyatazama kwa mbali. Walijifunza wakiwa kazini, na heshima yao haiwezi kufutwa.

Walakini tuseme ukweli wote. Benki ile ilipewa pia mzigo wa kukopesha mashirika, mamlaka za mazao na vyama vya ushirika ambavyo mara nyingi havikuulizwa swali la yule mama: fedha zitarudi vipi? Vilikopeshwa kwa sababu vilikuwa vya umma. Madeni yakarundikana mpaka mwaka 1991 ikapitishwa sheria mpya ya mabenki iliyofungua mlango kwa benki binafsi, na mwaka huo huo kikaundwa chombo maalum cha kukusanya madeni mabaya ya benki za umma. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa, na katika mgawanyo huo NMB ikazaliwa. Mwaka 2000 hisa nyingi za NBC iliyobaki zikauzwa kwa wawekezaji wa Afrika Kusini. Mwalimu wa historia anaweza kuyaeleza hayo kwa saa nzima na wanafunzi wasisinzie. Kijana anayekwenda kusailiwa akiyajua, ataelewa kwa nini mabenki ya leo yanaogopa mkopo usiochambuliwa kama mtu aliyeungua uji anavyopuliza hata maji baridi.

Maana fedha zinazokopeshwa si za benki. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mzazi amweleze mwanawe kabla hajamnunulia tai. Mshahara wa mwalimu wa Nachingwea ukiingia benki mwisho wa mwezi, zile siku chache kabla haujaisha unakuwa umechanganyika na mishahara ya wengine na akiba za wafanyabiashara, na ndizo fedha anazokopeshwa mwenye kiwanda cha sabuni. Afisa akikosea, anakosea kwa jasho la watu. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha, na baadhi yake zilikuwa benki za wananchi na wakulima wa mikoani. Waliokuwa wameweka amana humo walilazimika kusubiri taratibu za ufilisi, wakilindwa na bima ya amana kwa kiwango chenye kikomo. Mtu aliyesikia habari hiyo kama taarifa ya redio tu hajawa tayari kusailiwa.

Nimetaja kwamba mpwa wangu yuko kwangu. Alipofika alikuwa na daftari la kurasa 80 alilolijaza majibu kwa Kiingereza. "Una udhaifu gani?" Jibu: udhaifu wangu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi. "Baada ya miaka mitano unajiona wapi?" Jibu: najiona katika uongozi wa benki yenu. Nilimwuliza kama kuna mwanadamu aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kufanya kazi kupita kiasi. Akacheka, akasema, "Mjomba, ndivyo wanavyotaka." Sikukubali. Wasaili wameyasikia majibu hayo mara mia, na katika masikio yao yamekuwa kama pangaboi linalozunguka darini. Halafu kuna ubaya mwingine: kijana aliyezoea kutoa jibu ambalo halitoki moyoni mwake atafika kwa mteja na kuandika taarifa ambayo haitoki kwenye hesabu.

Nikafunga daftari lile. Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Masasi, na shemeji ana mikorosho. Nikamwuliza kijana: "Korosho za baba yako zikishatoka shambani, nani humlipa?"

"Chama cha msingi."

"Nacho hupata wapi fedha?"

"Kwa mnunuzi, baada ya mnada."

"Na mnunuzi?"

Akanyamaza. Amekula na kusomeshwa kwa korosho miaka 23, amebeba magunia, amekwenda na baba yake ghalani, na amesoma masomo ya fedha kwa miaka mitatu, lakini hakuwahi kuviweka vitu hivyo viwili mahali pamoja. Nilijiona mwenyewe nikiwa nimeketi mbele ya yule mama.

Tukakaa jioni nzima, kwa Kiswahili, tukalifuata gunia moja. Mkulima hupeleka korosho chama cha msingi. Zinapimwa, zinapangwa kwa madaraja na kupelekwa ghala kuu, na huko hutolewa stakabadhi. Sheria ya stakabadhi za ghala ilipitishwa mwaka 2005 na mfumo ukaanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08. Karatasi ile ni jambo kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa inageuza mzigo kuwa dhamana: benki inaweza kukopesha juu ya korosho ambazo haikuziona, mradi mwenye ghala ni mwaminifu na mzigo haumtoki bila ruhusa. Katika miaka ya mwanzo vyama vilikopa kwa njia hiyo ili kumlipa mkulima sehemu ya kwanza ya bei kabla ya mnada. Baadaye mnunuzi hushinda mnada, na siku za kulipa ni chache. Naye hana mabilioni mfukoni, kwa hiyo hukopa. Korosho zinakwenda bandarini, zinasafirishwa kwenda India au Vietnam, nyingi zikiwa bado ghafi, na yeye analipwa kwa dola wiki nyingi baadaye. Kuanzia siku anapoilipa bei ya mnada mpaka siku dola zinapoingia, benki imesimama katikati.

Basi nikamwuliza yapo wapi mashimo ya kuangukia. Hapo kijana akazinduka, maana sasa alikuwa kwao. Akasema mvua inaweza kuunyeshea mzigo ukashuka daraja. Akasema mwenye ghala anaweza kushirikiana na wezi. Akasema bei ya dunia inaweza kuanguka meli ikiwa baharini. Akakumbuka mwenyewe msimu wa 2018, wakulima walipozikataa bei za mnada mwezi Oktoba, na Novemba Serikali ikatangaza kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo moja na magari ya jeshi yakapelekwa kuzisomba. Nikamwuliza: kama ungekuwa afisa wa benki iliyokwisha kumkubalia mkopo mnunuzi mmoja msimu ule, ungefanya nini asubuhi ya pili yake? Alifikiri kwa muda mrefu. Halafu akasema angeuliza kwanza ni kiasi gani kimekwisha kutoka, na mnunuzi ana biashara gani nyingine ya kumwezesha kulipa. Hilo ni jibu la afisa wa benki. Halikuwamo katika daftari.

Akakumbuka pia kisa cha Liwale, Aprili 2013, ambapo nyumba zilichomwa moto kwa sababu malipo ya pili ya korosho hayakufika kama wakulima walivyotarajia. Mkopo uliochukuliwa kwa matumaini ya bei ambayo haikupatikana ulikuwa umekwisha kula sehemu yao. Nani angemfundisha hayo vizuri zaidi kuliko baba yake?

Sisemi kwamba kila msailiwa azungumze habari za korosho. Aliyekulia Mwanza ana pamba na samaki. Wa Kilombero ana miwa. Wa Kariakoo ana kontena la vitenge. Aliyelelewa katika nyumba za Serikali ana baba aliyesimamia mradi ambao mkandarasi wake alikimbia. Kila mmoja wetu amelelewa kando ya biashara fulani ambayo iliwahi kukosa fedha. Kasumba yetu ni kudhani kwamba mambo ya nyumbani ni ya kishamba na kwamba elimu ya fedha inaanzia kwenye vitabu vya London. Wasaili wanataka kumwona mtu anayeweza kutazama biashara ya kweli na kuuliza fedha zinaingia lini, zinatoka lini, na kitatokea nini zikichelewa.

Baada ya hapo vitabu vinafaa, tena vinafaa sana. Msailiwa asiyeweza kusoma mizania, hesabu ya faida na hasara na taarifa ya mtiririko wa fedha, akaonyesha jinsi hizo tatu zinavyoshikana, asijisumbue kwenda. Wala hahitaji kununua kitu. Mabenki yetu hutakiwa kuchapisha hesabu zao magazetini kila robo ya mwaka. Ndizo zile kurasa zilizojaa tarakimu ambazo wengi wetu huziruka na hatimaye kufungia maandazi. Nilimpa kijana kurasa hizo za benki tatu na kalamu nyekundu. Atazame amana ni kiasi gani na mikopo ni kiasi gani. Atafute mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa ipasavyo, na aone kama imepita asilimia 5, kiwango ambacho Benki Kuu haipendi kivukwe. Aangalie benki inapata zaidi kwa riba au kwa ada. Ajue pia kwamba Januari 2024 Benki Kuu ilianza kuongoza sera yake kwa kutumia riba yake, ikianzia asilimia 5.5, na kwamba Aprili ya mwaka huo ikaipandisha hadi 6. Na aweze kueleza ni kwa njia gani tarakimu hiyo inamfikia mwenye kiwanda cha sabuni. Akiulizwa "kwa nini benki yetu?", jibu liko katika kurasa hizo. Kijana anayesema "nimeona mikopo yenu kwa makampuni imekua kuliko amana zenu, nami ningependa kujua mnakusudia kuigharamia vipi" amekwisha kuacha kuwa mwombaji, anazungumza kama mwenzao.

Mambo ya nguo nitayapita haraka. Awe nadhifu, afike mapema, simu aizime. Mitihani ya hesabu inayotolewa kwa kompyuta kabla ya usaili inataka mazoezi na haina siri yoyote.

Lugha nayo ina neno lake. Usaili mwingi wa kazi hizi hufanywa kwa Kiingereza, na vijana wengi hufa hapo kifo ambacho si chao. Wanajua jambo lakini maneno yanawakimbia. Au maneno wanayo ya kutosha kuficha kwamba jambo lenyewe hawalijui. Mimi ninashauri kwamba jambo lielezwe kwanza kwa Kiswahili mbele ya mtu asiyesomea fedha. Mpwa wangu alimweleza mama yake kwa simu namna benki inavyomwahidi muuzaji wa ng'ambo malipo. Mwalimu yule alimkatiza mara nne: kwa nini muuzaji asimwamini mnunuzi? Hati zikiwa na kosa je? Nani analipa ada? Mara ya tano ndipo alipoelewa, na ninaamini hapo ndipo kijana naye alipoelewa. Kiingereza kilifuata baadaye bila vurugu, maana kilikuwa na kitu cha kubeba.

Sasa nigusie jambo ambalo wasomaji wengine watanichukia kwa kulitaja. Ndugu mtumishi, ndugu mwalimu, tunajuana. Kijana akiitwa kwenye usaili, mzazi wa kwanza humsomesha, wa pili humwombea dua, na wa tatu huchukua simu kumtafuta "mtu wa kumshika mkono". Vimemo vina historia ndefu katika nchi hii na nisingependa kujifanya sivijui. Lakini katika kitengo hiki kimemo ni hatari ya pekee. Karani aliyeingia kwa kimemo atachelewesha foleni. Afisa wa mikopo aliyeingia kwa kimemo amekwisha kujifunza, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kwamba mambo huenda kwa kujuana. Na siku mteja mkubwa atakapomletea hesabu zilizopikwa pamoja na bahasha, hatakuwa na mahali pa kusimamia. Ndiyo maana wasaili huwa na swali hili, kwa sura mbalimbali: mteja wako bora amekualika harusini kwa binti yake, na mezani umekuta zawadi yenye jina lako, utafanya nini? Wengi hujibu kwa haraka kwamba wataikataa. Msaili mzuri humwendea mbele: na kama bosi wako aliyekaa jirani amekwisha kuipokea ya kwake? Nilimwuliza mpwa wangu hivyo. Akasema, "Mjomba, hilo ni gumu." Nikamwambia aanzie hapo hapo, kwa kukubali kwamba ni gumu, halafu aeleze atamwambia nani, ataandika wapi, na mkopo wa mteja huyo ataukabidhi kwa nani auchambue. Aliyeniahidi ujasiri wa mdomo tu asingenishawishi.

Kuna wanaosema kwamba yote haya ni bure, kwamba nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na matayarisho hayaongezi nafasi hata moja. Nakubali kuhusu idadi. Vijana 10 wakijitayarisha vizuri kwa nafasi moja, tisa watarudi nyumbani. Lakini yule anayeweza kusoma hesabu za kiwanda na kulifuata gunia kutoka shambani hadi bandarini anaweza pia kukiendesha chama cha msingi, kuikagua zahanati, kumsaidia mfanyabiashara wa mbao kuandika ombi la mkopo lisilo na uongo. Vyama vyetu vya ushirika vinalia kwa kukosa watu wa namna hiyo. Aliyekariri majibu 20 akikataliwa hana cha kurudi nacho.

Mpwa wangu amekwisha kusailiwa, siku 12 zilizopita. Anasema walimwuliza habari za mteja anayeuza sana na kukosa fedha. Nilipolisikia hilo nilicheka peke yangu. Anasema alijibu kwa kutumia korosho, wakamfuata kwa maswali mpaka wakafika kwenye thamani ya dola, na hapo akashindwa. Akawaambia wazi kwamba hajui, ila angekwenda kumwuliza nani. Majibu hayajatoka. Juzi usiku nilimkuta sebuleni na gazeti la zamani lenye hesabu za benki moja, kalamu nyekundu mkononi. Akanionyesha mstari mmoja wa ada na tume ambao umepanda kwa robo tatu mfululizo wakati mikopo imesimama, akaniuliza ni kwa nini. Nilivaa miwani, nikautazama mstari ule kwa muda, nikamwambia amwulize mtu anayefanya kazi benki.